Kanisa la Kilutheri na Vita vya Ukombozi wa Namibia, 1966–1990

Mwezi Juni 1977 wajumbe wa makanisa ya Kilutheri kutoka mabara yote walikusanyika Dar es Salaam kwa Mkutano Mkuu wa Sita wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Fungamano kufanya Mkutano Mkuu wake katika ardhi ya Afrika. Ndani ya mkutano huo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa dhamana hiyo. Wakristo wengi wa Tanzania wanaukumbuka mkutano ule kwa ajili ya uchaguzi huo. Kwa Walutheri wa kusini mwa Afrika, hata hivyo, mkutano wa Dar es Salaam una kumbukumbu nyingine iliyo nzito zaidi. Hapo ndipo Kanisa lilipotamka kwamba kuikataa siasa ya ubaguzi wa rangi ni jambo la imani, wala si jambo la maoni ya kisiasa tu.

Tamko hilo lilipopitishwa, vita vya ukombozi nchini Namibia vilikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja. Wengi wa vijana waliobeba bunduki upande wa wapigania uhuru walikuwa wamebatizwa na kupata kipaimara katika sharika za Kilutheri. Baadhi yao walikuwa wamepata mafunzo yao Kongwa, mkoani Dodoma. Kwa sababu hiyo, habari za Namibia katika kitabu cha jubilei ya usharika wa Tanzania si habari za wageni. Ni habari za makanisa ndugu, yaliyokua chini ya dola ile ile ya Kijerumani, ambayo yalilazimika kujibu swali ambalo makanisa ya Tanganyika hayakufikishwa kwenye kulijibu. Nalo ni hili: Mkristo afanye nini pale ambapo milango yote ya amani imefungwa mbele yake?

Makoloni mawili ya dola moja

Injili ilitangulia bendera katika nchi ile. Wamisionari wa Misioni ya Rhenish kutoka Ujerumani walianza kazi miongoni mwa Wanama na Waherero mwaka 1842. Wafini walifika kaskazini, katika nchi ya Waovambo, mwezi Julai 1870, na mmoja wao, Martti Rautanen, alikaa huko zaidi ya nusu karne. Ujerumani ilitangaza himaya yake juu ya Afrika ya Kusini-Magharibi mwaka 1884, na mwaka uliofuata ikafanya vivyo hivyo upande wa Afrika ya Mashariki.

Makoloni hayo mawili yaliwaka moto karibu wakati mmoja. Tarehe 12 Januari 1904 Waherero, chini ya Samuel Maharero, waliinuka kupinga kunyang'anywa ardhi na mifugo. Mwezi Agosti walishindwa katika mapigano ya Waterberg na kusukumwa kwenye jangwa la Omaheke. Tarehe 2 Oktoba Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri ya kuwaangamiza. Mwezi huo huo Wanama chini ya Kapteni Hendrik Witbooi nao walishika silaha. Witbooi alikuwa Mkristo msomaji wa Biblia, mzee aliyekwisha kupita umri wa miaka sabini. Alikufa kwa jeraha la vita mwezi Oktoba 1905. Wakati huo Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwezi Julai mwaka huo, vilikuwa vimeenea kusini mwa Tanganyika ya leo, ambako moto, risasi na njaa iliyoletwa kwa makusudi viliwaua watu kwa makumi ya maelfu.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya Waherero wapatao 80,000 waliangamia kama 65,000, na kati ya Wanama wapatao 20,000 waliangamia nusu. Historia ya Kanisa haina budi kutaja pia nafasi ya misioni. Baada ya amri ya von Trotha kutenguliwa, wamisionari walitumika kuwakusanya Waherero waliobaki msituni kwa ahadi ya usalama. Waliokusanywa walipelekwa kwenye kambi za wafungwa na kazi za shuruti, na wengi walifia humo. Serikali ya Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba matendo yale yalikuwa mauaji ya kimbari, ingawa wazao wengi wa waliouawa hawakuridhika na masharti ya makubaliano hayo.

Kwa hiyo vijana waliochukua silaha miaka sitini baadaye hawakuwa wa kwanza. Walijua habari za babu zao. Walijua pia kwamba ujasiri peke yake ulikuwa umeshindwa mbele ya bunduki za rashasha.

Njia za sheria zinafungwa

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza njia za makoloni haya mawili zilitengana. Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, na Afrika ya Kusini-Magharibi chini ya Afrika Kusini, zote kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1946 Tanganyika ilikabidhiwa kwa Umoja wa Mataifa kama nchi ya udhamini, na kutokana na hilo Mwalimu Julius Nyerere aliweza kwenda New York mwaka 1955 kudai haki ya nchi yake mbele ya baraza lililokuwa na mamlaka ya kumsikiliza. Afrika Kusini ilikataa kuikabidhi Namibia. Ilitaka kuimeza kuwa sehemu ya nchi yake, na kuanzia mwaka 1948 ilipeleka huko sheria zake za ubaguzi.

Mzigo mkubwa kuliko yote kwa wananchi wa kaskazini ulikuwa kazi ya mkataba. Mwanamume aliandikishwa, akapimwa mwili kama mnyama wa mnadani, akapelekwa migodini, mashambani au kwenye viwanda vya samaki kwa miezi mingi bila mke wala watoto. Wachungaji waliona matokeo yake kila Jumapili: makanisa yaliyojaa wanawake na wazee, na nyumba zilizovunjika.

Wananchi walianza kwa maombi ya amani. Chifu Hosea Kutako wa Waherero alituma malalamiko Umoja wa Mataifa tangu miaka ya 1940, akisaidiwa na kasisi wa Kianglikana, Michael Scott. Mwaka 1957 Andimba Toivo ya Toivo na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Cape Town waliunda chama cha kutetea wafanyakazi wa mkataba. Tarehe 10 Desemba 1959 wakazi weusi wa Windhoek waliogoma kuhamishwa kwa nguvu kutoka makazi yao ya zamani walipigwa risasi na polisi. Watu 11 waliuawa. Chama cha SWAPO kilizaliwa mwezi Aprili 1960 chini ya Sam Nujoma. Mwaka huo huo Nujoma alitoroka nchi, akapita Tanganyika, akapokelewa na Mwalimu Nyerere na kusaidiwa kuendelea na safari ya Umoja wa Mataifa.

Tumaini la mwisho la njia ya sheria lilikuwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ambako Ethiopia na Liberia zilikuwa zimefungua kesi dhidi ya Afrika Kusini. Kesi ilichukua karibu miaka sita. Tarehe 18 Julai 1966 Mahakama iliamua kwamba nchi hizo hazikuwa na haki ya kisheria ya kudai jambo hilo, na haikuamua lolote juu ya dhuluma yenyewe. SWAPO ilitoa taarifa Dar es Salaam kwamba sasa haikubaki njia nyingine ila kuinuka na kupigana.

Kutoka Kongwa hadi Omugulugwombashe

Maandalizi yalikuwa yamekwisha kuanza. Mwaka 1963, mwaka ambao makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja linalojulikana leo kama KKKT, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa na Kamati yake ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam. Mwaka 1964 serikali iliwapa wapigania uhuru eneo la Kongwa, mahali palipokuwa na mabaki ya mpango wa karanga ulioshindwa wa Waingereza. Hapo waliishi wapiganaji wa SWAPO, FRELIMO, ANC ya Afrika Kusini na MPLA ya Angola, kila kundi na kambi yake. Wanamibia wengi walijifunza Kiswahili Kongwa, na baadhi waliacha damu yao katika familia za Wagogo wa jirani.

Mwaka huo huo wa 1964 Fungamano la Kilutheri lilianzisha huduma ya wakimbizi nchini, TCRS, iliyowahudumia maelfu waliokimbia vita na mateso katika nchi jirani. Hivyo nchi moja ilibeba kazi mbili kwa pamoja: serikali iliwapa wapiganaji mahali pa kujifunzia vita, na Kanisa lilisaidia kuwapa wahanga wa vita chakula, mbegu na shule. Hapakuwa na aliyeweza kudai kwamba kazi hizo mbili hazikuhusiana.

Kundi la kwanza la wapiganaji liliingia Namibia mwaka 1965 baada ya safari ndefu iliyopita Zambia na Angola. Lilijenga kambi ya siri Omugulugwombashe, kaskazini mwa nchi, na kuanza kuwafundisha vijana wa vijiji. Alfajiri ya tarehe 26 Agosti 1966 polisi wa Afrika Kusini waliishambulia kambi hiyo kwa helikopta. Kwa kipimo cha kijeshi lilikuwa pambano dogo, na wapiganaji walishindwa. Lakini siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa vita vya miaka 23, na Namibia huru inaiadhimisha kama Siku ya Mashujaa.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Mamia walikamatwa. Mwezi Mei 1967 kamanda wa kwanza wa jeshi la SWAPO, Tobias Hainyeko, aliuawa mtoni Zambezi. Wanamibia 37 walishtakiwa Pretoria kwa sheria ya ugaidi iliyotungwa mwaka 1967 na kurudishwa nyuma hadi mwaka 1962, ili iwanase kwa matendo yaliyotangulia kutungwa kwake. Mmoja wao alikuwa Toivo ya Toivo, aliyewahi kujifunza ufundi katika shule ya Wafini Ongwediva na kutumikia jeshi la Afrika Kusini katika Vita Kuu ya Pili. Aliieleza mahakama kwamba hapo awali hakupenda njia ya nguvu, lakini hakuweza kuwahukumu ndugu zake waliochoka kusubiri. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20, na zaidi ya miaka 15 ya kifungo hicho alikaa kisiwani Robben.

Msimamo huo haukuwa mbali na ule uliotolewa na viongozi wa Afrika katika Azimio la Lusaka la mwezi Aprili 1969, ambalo Mwalimu Nyerere alikuwa mwandishi wake mkuu. Azimio lilisema wazi kwamba Afrika ingependa mazungumzo kuliko uharibifu. Lakini maadamu njia ya amani imezibwa na wenye mamlaka, Afrika haina budi kuwaunga mkono wanaopigana. Tanganyika yenyewe ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961 bila risasi. Kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi kwa mtu wa Tanzania kudhani kwamba kila taifa lingeweza kufanya hivyo. Azimio lilikataa dhana hiyo. Tofauti haikuwa katika subira ya watu, bali katika aina ya mtawala aliyekuwa mbele yao.

Barua ya mwaka 1971

Makanisa mawili makubwa ya Kilutheri ya Namibia yalikuwa yamejitegemea tangu miaka ya 1950: moja kaskazini, lililotokana na kazi ya Wafini, na jingine lililotokana na Misioni ya Rhenish. Kwa jumla Walutheri walikuwa zaidi ya nusu ya wananchi wote. Hata hivyo, kwa muda mrefu makanisa hayo hayakusema mengi hadharani. Walikuwa wamefundishwa fundisho la Luther juu ya tawala mbili za Mungu kwa namna iliyoifanya serikali isiguswe na mahubiri, na sura ya kumi na tatu ya Waraka kwa Warumi ilisomwa mara nyingi kuliko maneno ya mitume kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1971. Tarehe 21 Juni Mahakama ya The Hague, ikiombwa maoni kwa mara nyingine, ilitamka kwamba Afrika Kusini inaikalia Namibia kinyume cha sheria. Wanafunzi wa theolojia katika chuo cha Paulinum, Otjimbingwe, waliwahimiza viongozi wao wavunje kimya. Tarehe 30 Juni Askofu Leonard Auala wa kanisa la kaskazini na Mchungaji Paulus Gowaseb wa kanisa la kusini walitia sahihi barua ya wazi kwa Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, B. J. Vorster. Jumapili ya tarehe 18 Julai, miaka mitano kamili tangu hukumu iliyowakatisha watu tamaa, ujumbe wa kichungaji wenye maudhui hayo ulisomwa makanisani.

Barua hiyo haikuwa na neno la kuchochea vita. Ilieleza, jambo baada ya jambo, namna haki za binadamu zilivyovunjwa: watu hawakuwa huru kusafiri wala kuishi watakapo, hawakuwa na kura, hawakuwa huru kusema, walifungiwa kazi za ujuzi, na familia zilitenganishwa na kazi ya mkataba. Iliomba nchi ifikishwe kwenye uhuru kwa njia ya amani na kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa. Mwezi Agosti Vorster alikutana na viongozi wa makanisa mjini Windhoek. Mazungumzo hayo hayakubadili siasa ya serikali.

Hata hivyo barua ilifanya jambo ambalo bunduki haikuwa imeweza kulifanya. Ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wa kawaida, kwa lugha zao, na watu waliowaheshimu. Mwezi Desemba mwaka huo huo wafanyakazi wa mkataba waliogoma walikuwa zaidi ya 13,000, nchi nzima. Migodi ilisimama. Serikali ililazimika kulegeza baadhi ya masharti ya mfumo ule, ingawa si kuuondoa.

Vita vinaingia ndani ya Kanisa

Kuanzia hapo Kanisa lilihesabiwa na watawala kuwa adui. Mwezi Mei 1973 kiwanda cha uchapaji cha kanisa la kaskazini, Oniipa, kililipuliwa kwa mabomu. Kilijengwa upya, na mwezi Novemba 1980 kikalipuliwa tena. Vijana na wafuasi wa SWAPO walipoanza kuchapwa viboko hadharani kwa amri ya mamlaka za kikabila, Askofu Auala aliungana na Askofu Richard Wood wa Kianglikana kwenda mahakamani, na mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ya Bloemfontein iliamua viboko hivyo vikome. Ulikuwa ushindi wa sheria ndani ya nchi isiyo na haki, nao ulionyesha kwamba njia ya amani haikuwa imekufa kabisa.

Lakini vijana hawakusubiri. Utawala wa Wareno ulipoanguka Lisbon mwezi Aprili 1974, mpaka wa Angola ulifunguka, na maelfu ya wavulana na wasichana walivuka. Shule za Kanisa zilibaki na madawati matupu. Angola ilipopata uhuru mwezi Novemba 1975, jeshi la SWAPO, PLAN, lilipata kambi karibu na mpaka, na vita vidogo vya msituni vikawa vita kamili.

Tarehe 4 Mei 1978, siku ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, ndege za Afrika Kusini zilishambulia kambi ya Cassinga, kilomita zipatazo 250 ndani ya Angola, na askari wa miavuli wakafuata. Watu zaidi ya 600 waliuawa. Afrika Kusini ilisema ilikuwa kambi ya jeshi. SWAPO ilisema ilikuwa kambi ya wakimbizi. Walikuwamo wapiganaji, na walikuwamo wanawake na watoto wengi. Wote walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Nchini kwenyewe kaskazini iliwekwa chini ya amri ya kutotembea usiku. Kikosi cha polisi kilichoitwa Koevoet, kilichoundwa mwaka 1979, kilijaa vijana weusi wa huko huko kaskazini. Hivyo familia moja ya Kikristo iliweza kuwa na mwana mmoja porini na PLAN na mwingine akilipwa mshahara kwa kumsaka. Mchungaji aliwahudumia wazazi wa wote wawili. Mwezi Februari 1988 bomu lililipuka katika benki mjini Oshakati na kuua watu zaidi ya 20, akiwemo binti wa Askofu Kleopas Dumeni, mrithi wa Auala. Kila upande ulimlaumu mwenzake. Askofu alimzika mwanawe na kuendelea kudai amani.

Tamko la Dar es Salaam

Katika hali hiyo ndipo mkutano wa mwaka 1977 unapoeleweka. Swali lililowakabili wajumbe halikuwa kama Kanisa libariki bunduki. Hakuna Mkutano Mkuu wa Kilutheri uliofanya hivyo. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikuwa limetoa misaada ya kibinadamu kwa vyama vya ukombozi, SWAPO ikiwamo, tangu mwaka 1970, na jambo hilo lilizua ubishi mkali Ulaya. Dar es Salaam ilikwenda kwenye mzizi wa jambo. Wajumbe walikubali kwamba katika hali ya kawaida Wakristo wanaweza kutofautiana juu ya siasa. Lakini mfumo wa ubaguzi kusini mwa Afrika, walisema, umepotoka kiasi kwamba kuukataa waziwazi ni sehemu ya kuungama imani.

Kauli hiyo ilitokana na maandiko ya ungamo ya Kilutheri ya karne ya 16, yanayofundisha kwamba hata jambo lililo huru linaweza kuwa jambo la imani pale Injili yenyewe inapowekwa hatarini. Matokeo yake yalionekana mwaka 1984. Katika Mkutano Mkuu wa Budapest, mwishoni mwa kipindi cha Askofu Kibira, makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kushindwa kuukataa ubaguzi na kuungana na ndugu zao weusi. Hapo ndipo neno lililotamkwa Dar es Salaam lilipopata meno.

Kimya kilicholitia Kanisa aibu

Kitabu cha kumbukumbu kinachosimulia ushujaa peke yake hakiwi cha kweli. Vita vya haki navyo viliwapa watu wachache mamlaka yasiyohojiwa juu ya maisha ya wengine. Mwaka 1976 wapiganaji walioko Zambia walidai mkutano mkuu wa chama na maelezo juu ya uhaba wa silaha na chakula. Zaidi ya elfu moja walizuiliwa na jeshi la Zambia kwa ombi la uongozi. Viongozi 11, akiwamo Andreas Shipanga, walihamishiwa Tanzania na kukaa magerezani bila kushtakiwa hadi mwaka 1978. Mchungaji Salatiel Ailonga, kasisi wa Kilutheri wa wakimbizi, aliyaandikia makanisa ya nje kuwaombea msaada. Ilimbidi yeye mwenyewe aondoke Zambia kwenda Ufini.

Mambo yalizidi kuwa mabaya katika miaka ya 1980. Karibu na Lubango, kusini mwa Angola, idara ya usalama ya SWAPO iliwafunga mamia ya wanachama wake yenyewe katika mashimo ya ardhini kwa tuhuma za ujasusi. Waliteswa mpaka wakakiri. Wengi hawakuonekana tena. Mwaka 1985 wazazi wao walianza kugonga milango ya makanisa. Viongozi wengi wa Kanisa walisita. Waliogopa kwamba kusema kungekuwa kuwapa Makaburu silaha. Kanisa lililokuwa limeandika barua kwa Vorster halikuandika barua ya wazi kwa wapiganaji wake.

Tarehe 4 Julai 1989 wafungwa 153 walirudi nyumbani na kuonyesha makovu yao. Mwaka 1995 mchungaji Mjerumani Siegfried Groth, aliyewahudumia wakimbizi wa Namibia kwa miaka mingi, alichapisha kitabu juu ya ukuta wa kimya uliowazunguka watu hao. Rais Nujoma alikishutumu kwenye televisheni. Maswali ya familia kuhusu waliopotea hayakujibiwa.

Uhuru na hesabu yake

Mapigano makubwa ya Cuito Cuanavale, kusini mwa Angola, mwaka 1987 na 1988, ambamo askari wa Cuba walishiriki, yaliionyesha Afrika Kusini kwamba gharama ya vita inazidi faida yake. Mkataba ulitiwa sahihi New York tarehe 22 Desemba 1988, na azimio namba 435 la Baraza la Usalama, lililosubiri tangu mwaka 1978, likaanza kutekelezwa tarehe 1 Aprili 1989. Siku hiyo hiyo wapiganaji wa PLAN waliokuwa wakivuka mpaka walishambuliwa, na zaidi ya 300 walikufa katika siku chache, amani ikiwa imekwisha kuandikwa.

Msimamizi wa Umoja wa Mataifa alikuwa Martti Ahtisaari, raia wa Ufini, nchi iliyopeleka Injili Ovambo, na aliyekuwa balozi wa nchi yake Dar es Salaam kuanzia mwaka 1973 hadi 1977. Wakimbizi zaidi ya 40,000 walirudi, na kazi ya kuwapokea ilibebwa kwa sehemu kubwa na Baraza la Makanisa la Namibia. Katika uchaguzi wa mwezi Novemba SWAPO ilipata viti 41 kati ya 72, pungufu ya theluthi mbili. Kwa hiyo ililazimika kuandika katiba pamoja na wapinzani wake. Mchungaji Zephania Kameeta, aliyekuwa mwana-SWAPO na kiongozi wa Kanisa kwa wakati mmoja, alikuwa miongoni mwa walioketi katika Bunge hilo la Katiba. Bendera ya Namibia ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi 1990.

Je, ni bunduki iliyoleta uhuru huo? PLAN haikulishinda jeshi la Afrika Kusini katika uwanja wa vita, wala haikuteka mji hata mmoja. Lakini bila miaka 23 ya vita, azimio 435 lingebaki karatasi. Kwa upande mwingine, bila barua ya mwaka 1971, bila mgomo wa wafanyakazi na bila kesi za mahakamani, vita vingekuwa vya watu wachache porini, na watawala wangeviita ujambazi mbele ya dunia. Bunduki iliufanya ukoloni uwe wa gharama, na ushuhuda wa Kanisa uliunyima uhalali. Mkataba nao ulimaliza kazi ambayo hakuna kati ya hivyo viwili kilichoweza kuimaliza peke yake.

Liko jambo lililobaki bila kufanywa, nalo ni la Kanisa zaidi kuliko la jeshi. Wapiganaji walifundishwa kutii. Wachungaji walifundishwa kusema kweli. Askofu Auala na Mchungaji Gowaseb walimwambia ukweli adui aliyekuwa na nguvu, na jina lao linaheshimiwa kwa haki. Kumwambia ukweli rafiki aliyebeba tumaini la watu wote kulikuwa kugumu zaidi, na wachache waliothubutu, kama Mchungaji Ailonga, waliachwa peke yao. Usharika unapoandika habari za miaka yake mia moja, mfano wa Namibia unaukumbusha kuandika pamoja na nyimbo za ushindi majina ya wale ambao wazazi wao waligonga mlango wa kanisa na hawakufunguliwa.